Tenor Iliyopanda Mlima

Sikia, rafiki yangu, mimi si mtu wa kulia kanisani. Walio wepesi wa machozi nawajua, na baadhi yao hulia huku wanatazama ni nani anawaona. Lakini Jumapili moja ya baridi hapa Columbus nilisimama mlangoni pa lile kanisa kuukuu la mawe, nimebeba sufuria ya maharage mikononi, nikalia mpaka kamasi, mbele za watu, bila haya.

Ilikuwa hivi. Sisi Wakongo tulikuwa tunasali katika ukumbi wa chini wa kanisa hilo, mchana, Wamarekani wakishamaliza ibada yao huko juu. Wenyewe walikuwa wamebaki wachache, wazee watupu. Korali yao yote ingepanda basi la Morse Road na viti vikabaki. Siku hiyo niliwahi kufika, nikawakuta bado wanafanya mazoezi. Wimbo waliokuwa wanauimba sikuujua. Ulikuwa mzuri, wa taratibu, wa kizamani, lakini haukuwa wangu, nikaegemea mlango nisubiri wamalize wanipishe. Halafu wanawake wa mstari wa nyuma, wale wa sauti nzito, wakaingia na sehemu yao. Mungu wangu! Sufuria nusura inidondoke. Wale mama wa Kizungu walikuwa wanaimba wimbo wa nyanya yangu, mwanzo hadi mwisho, ila kwa Kiingereza.

Kumbe, rafiki yangu, maisha yangu yote nilikuwa naujua ubavu mmoja tu wa wimbo ule. Nilichodhani ndio wimbo kilikuwa alto, sauti ya chini ya wanawake.

Bon, nikurudishe nyuma. Nyanya yangu ni mama wa mama yangu (kwetu Kivu ukisema bibi umesema mke wa mtu, usije ukanichanganya). Yeye ndiye aliyenilea, yeye na babu, kule milimani juu kabisa Kivu ya Kusini, ambako wingu huingia ndani ya nyumba bila kupiga hodi na mtoto huamka asubuhi akitafuta moto kabla hajatafuta chakula. Nikifumba macho sasa hivi naisikia harufu ya moshi kwenye kitenge chake, na harufu ya siagi. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kusuka maziwa. Alikaa chini kwenye mkeka, kibuyu kikubwa mapajani, akakisukuma mbele na kukirudisha, mbele na kukirudisha, na ndani maziwa yanapiga chubwi, chubwi. Juu ya mwendo huo alikuwa anaimba. Mimi nikiwa mgongoni mwake, baadaye nikiwa pembeni yake nasubiri nilambe mfuniko, niliingiziwa alto masikioni pamoja na siagi mdomoni. Nani angeniambia kwamba kuna sauti nyingine?

Wimbo wenyewe tuliuita Wimbo wa Malango, kwa sababu ulihusu malango ya mji wa Mungu kufunguliwa jioni. Uliletwa na wamisionari zamani, katika vitabu vilivyokuwa vimechakaa tangu huko kwao. Siku hizi nimeambiwa kwamba nyimbo za namna hiyo zilitungwa enzi za yule malkia wa Waingereza aliyevaa nguo nyeusi hadi kufa, na kwamba hata wao wenyewe waliziacha, wakaona ni nzito, ni ndefu, zina sauti nyingi mno. Sisi hatukuwa na habari. Sisi tulidhani ni zetu, zimeota hapo hapo pamoja na mianzi.

Aliyezifanya zikawa zetu ni mwalimu wa korali. Nikimkumbuka yule mzee namvulia kilemba. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la msaada ambalo mikono yake ilimeza vidole, na hakuwa na kinanda wala gitaa wala umeme. Alikuwa na kichupa. Kichupa cha dawa ya kikohozi, ndani kimetiwa maji hadi mahali fulani alipopajua yeye, na mdomo umezibwa kwa gunzi la hindi. Akitaka korali ianze, anazibua gunzi, anapuliza mdomoni mwa kichupa, fuuu, na hiyo ndiyo do, noti ya kuanzia. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kutoa do. Shemasi mmoja alijaribu siku moja mwalimu alipochelewa, akaambiwa mbele ya watu wote arudi kwenye sadaka zake.

Na alikuwa na desturi yake ya kufundisha, ambayo sijaiona kwingine. Hakuwafundisha watu pamoja. Soprano aliwafundishia kanisani. Alto aliwapeleka kwenye chemchemi, besi kando ya zizi, na tenor juu kwenye mteremko nyuma ya shule, kila kundi na siku yake. Alisema ukiwaweka pamoja kabla hawajakomaa, mwenye sauti dhaifu ataiba ya jirani, na mwishowe wote watakuwa soprano. “Kila mutu akamue ngombe yake,” alikuwa anasema, na kwetu sisi wafugaji maneno hayo yaliingia bila tafsiri. Jumamosi tu ndipo sauti nne zilipokutana. Watu waliacha kupalilia wakaja kusimama nje ya kanisa kusikiliza. Mimi nilikuwa ndani, chini, nimebanwa katikati ya vitenge vya alto, nyanya ananiimbia utosini, kwa hiyo za wengine zilinifikia kama mvua inayonyesha kilima cha pili.

Babu alikuwa tenor, sauti ya juu ya wanaume. Asubuhi akikamua ng'ombe aliimba sehemu yake kwa nguvu, na nyanya huko ndani na kibuyu chake akiimba ya kwake, basi ikawa vita. “Peleka tenor yako kwa ngombe!” nyanya anapiga kelele. “Unaniharibia alto!” Babu anacheka, anaongeza sauti. Nyanya anaziba masikio kwa viganja, kibuyu kinabaki peke yake mapajani, na mimi nacheka mpaka naanguka, nikidhani babu anamchokoza tu. Ile tenor ilikuwa na jambo lake. Mwisho wa kila ubeti, wengine wote wakishafika na kutulia, yenyewe inaendelea kupanda, pole pole, mpaka unajiuliza kama huyu mtu atashuka. Ndipo anashuka, na maziwa yanaendelea.

Vita sitakusimulia. Waliosimulia ni wengi na mimi sina neno jipya. Nitakuambia tu kwamba babu alitufia njiani tukishuka kuelekea bondeni, na aliyemchimbia kaburi kwa mikono yake ni jirani yetu, tenor mwenzake, aliyekuwa anasimama naye bega kwa bega kila Jumapili. Mwalimu alibaki kule juu. Kaburi lake hatulijui, na kichupa chake wala sitaki kufikiria. Kambini Burundi vijana wakapata gitaa na vinanda vya betri, nyimbo zikawa za kurukaruka, zile za zamani zikaonekana za wazee, na wazee wenyewe hawakuwa na moyo. Halafu zikaja ndege za kutuhamisha. Na hapa, rafiki yangu, Amerika ilitugawa kama mwalimu alivyotugawa. Besi wakapelekwa Louisville, mpaka leo wako Shively, kitongoji cha huko, wanafanya kazi viwandani. Jirani tenor na watoto wake wakatupwa Buffalo, kwenye theluji. Alto, yaani nyanya na mimi, Columbus, hapa Northland, ghorofa ya pili, juu ya mtu anayepika kitunguu saumu saa zote. Soprano usiulize, soprano wako kila mji.

Donc, siku ile ya sufuria nilifika nyumbani nikamwambia nyanya niliyoyasikia. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mezani. Hakuinua kichwa. Akaniuliza neno moja tu: “Na tenor?” Nikasema tenor wanayo. Akanawa mikono, akasema kesho yake nimpeleke.

Haikuwa kesho yake, ilikuwa Jumapili iliyofuata, nami nilibadilishana zamu na mwenzangu pale ninapotunza wazee ili nimpeleke. Nyanya alikaa benchi la mbele, kitenge kizuri, mikono juu ya fimbo. Korali ya wazee ikaimba. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwenye mvi aliyefundisha kinanda maisha yake yote, na nikwambie, mama yule ni mtu wa kuheshimiwa. Wenzake walipotaka skrini na ngoma, yeye alikuwa anaingia kwenye makabati ya kanisa, anafukuza panya, anatoa nyimbo ambazo hakuna aliyezigusa tangu babu zake, anazifundisha upya kwa watu wanane wenye magoti mabovu. Alipomaliza akaja kumsalimia nyanya. Nyanya akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru, halafu akanigeukia mimi nitafsiri: “Mwambie nimefurahi sana. Lakini tenor yabo inalala. Yetu inapandaka mulima.”

Nilitafuta jinsi ya kulainisha, nikakosa, nikatafsiri kama lilivyo. Yule mama hakuudhika hata kidogo. Alifungua kitabu, akafuata kwa kidole mstari wa tenor, akakubali kwamba kweli pale mwisho mtunzi aliwaacha tenor wamesimama mahali pamoja. Akaniuliza kupanda huko kumeandikwa wapi. Nikamwambia hakukuandikwa. Hapo ndipo sote tulipoelewa: ni mwalimu wetu. Yule mzee wa kichupa aliona tenor wake wamesimama bure wakati malango yanafunguka, akawatuma wapande. Mama yule akasema angetoa chochote asikie.

Na muda ulikuwa mfupi. Jengo lilikuwa limeuzwa. Wamarekani wale wachache hawakuweza tena kulipasha moto wala kuziba paa, na mwisho wa Februari ilikuwa ibada ya mwisho humo ndani, yao na yetu. Alitaka afunge kwa Wimbo wa Malango: ubeti wa kwanza wao, kwa Kiingereza, ubeti wa pili sisi, kwa Kiswahili, na tenor ile ya mlimani. Nyanya alikubali kabla sijamaliza kutafsiri. Njiani kurudi aliniambia, anatazama nje ya dirisha la gari, “Nataka niisikie yote mara moja tu, mbele sijaenda.” Hakusema anakwenda wapi. Pumzi yake ilikuwa imeanza kuwa fupi tangu majira ya majani kuanguka, na ngazi zetu alikuwa anazipanda kwa kupumzika katikati.

Tulianza kijinga, kwa simu. Kila mmoja ajirekodi sauti yake huko aliko, binti yangu aziunganishe kwenye kompyuta. Lahaula! Besi wa Shively walikuwa chini kama wamo kisimani, mzee wa Buffalo, yule jirani tenor, juu kama kuku anayetaga, nyanya katikati hana habari na mtu. Ilikuwa fujo ya kuaibisha. Binti yangu, ambaye mimi naongea Kiswahili naye ananijibu Kiingereza, alidhani tumesahau wimbo. Hatukuusahau. Kila mtu alijitolea do yake mwenyewe, na katika maisha yetu yote hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Kazi hiyo ilikuwa ya kichupa. Nyanya alicheka mpaka akakohoa. “Mwalimu angetuchapa,” akasema. Ikabidi watu waje kwa miguu yao, kidole kimoja hakivunji chawa.

Besi walikuja Ijumaa jioni, baba na wanawe wawili, gari limejaa harufu ya samaki wa kukaushwa. Tulipika bugali, sombe na lengalenga, mchicha wa kwetu, kutoka maduka ya Morse Road, nyumba ikajaa, jirani wa chini akatugongea dari na safari hii tukamstahimili. Soprano walikuja watano na kelele za hamsini. Mzee wa Buffalo alikuwa aletwe na mwanawe Jumamosi. Nyanya alimtandikia kitanda chake mwenyewe.

Jumamosi simu ikalia. Theluji inayoletwa na upepo wa ziwa la huko imeanguka tangu usiku, mwanawe akasema, gari halionekani, barabara kuu imefungwa. Kesho pia itakuwa imefungwa. Nyuma yake tulimsikia mzee anagomba kwamba kwao milimani watu walitembea kwenye matope ya kiunoni, hii pamba ni kitu gani.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo. Baba besi akapendekeza taratibu kwamba tumwombe tenor wa Kimarekani atushikie ile inayolala, angalau kusiwe na pengo. Wote tukamtazama nyanya. Alikuwa anakunja lile shuka alilomtandikia mzee, pembe kwa pembe. Mimi niliumia kuliko nilivyoonyesha, nikaenda jikoni nikaosha masufuria yaliyokuwa masafi.

Jumapili kanisa lilijaa kama ambavyo halikujaa miaka mingi. Watu hupenda kuja kuzika. Binti yangu alikaa benchi la mbele na simu wazi mapajani, ili mzee wa Buffalo asikie japo haimbi, maana tulishajua simu huchelewa na ingetuvuruga. Wamarekani wakaimba ubeti wao. Niwe mkweli, waliuimba vizuri, wale wazee, kwa pumzi zao za mwisho mwisho, wengine machozi yakiwashuka na hawajifuti kwa sababu vitabu viko mikononi. Kisha yule mama akagusa kinanda mara moja. Do moja, ya mtu mmoja. Kama kichupa.

Hapo nyanya, aliyekuwa amenishika mkono, akaniachia. Akachukua fimbo yake, akapita mbele ya soprano, akaenda akasimama kando ya besi, pale pahali palipokuwa wazi. Nikanong'ona, “Nyanya, unakwenda wapi?” Nilikuwa nimebaki peke yangu. Alto nzima ya Columbus ilikuwa mimi.

Akageuza kichwa kidogo. “Kamua ngombe yako,” akasema.

Nikakamua, ningefanyaje? Nilifungua mdomo na ile sauti ya siagi ikatoka, yote, bila mimi kuitafuta. Besi walikuwa chini yangu kama sakafu. Soprano walikuwa juu, na kwa mara ya kwanza maishani nikawasikia wamebeba kitu ambacho bila changu kingekuwa uchi, na changu bila chao vilevile. Na kutoka upande ule nikasikia tenor. Sauti ya mwanamke mzee, nzito, imekwaruzika, lakini tenor, kila noti mahali pake. Yule aliyekuwa anaziba masikio! Miaka yote ile ya kugombana alikuwa anasikiliza kupitia viganja. Tukafika mwisho wa ubeti, tukatulia sote, na yeye akaendelea. Akapanda. Pumzi nilijua hana, nikaanza kumpandia moyoni, hatua kwa hatua, namwomba Mungu asimwache katikati. Yule mama wa kinanda alikuwa amefunika mdomo. Nyanya akafika juu, akakaa huko kidogo kama mtu anayetazama bonde, akashuka.

Kabla mtu hajapiga makofi ikasikika simu, sauti ya mzee wa Buffalo, kali, inakaribia kugomba.

“Ni nani huyo wa tenor? Mimi njo nilimuzika. Kwa mikono yangu. Ni nani huyo?”

Nyanya akaenda pole pole hadi kwenye benchi, akaichukua simu kutoka kwa binti yangu, akaishika mbele ya mdomo wake kwa mikono miwili.

“Ni yake,” akasema. “Mimi nilikuwa naichunga tu.”

Upande wa pili mzee alilia, tukamsikia wote, na sisi tukaacha kujizuia. Baadaye, tukila kule chini kwa mara ya mwisho, nilimuuliza nyanya kama aliusikia wimbo wote jinsi alivyotaka. Akaniambia pale pa tenor ni katikati, unasikia kila mtu. Akatafuna kidogo. Akasema sasa anaelewa kwa nini babu alikataa kuhamia besi.

Kanisa limezungushiwa uzio, wanasema litakuwa nyumba za kupanga. Ule mteremko nyuma ya shule una majani marefu, aliyepita huko aliniambia, na chemchemi imezibwa. Mzee wa Buffalo aliletwa theluji ilipoyeyuka, akakaa nasi wiki nzima, akamfundisha tenor kijana mmoja wa besi aliyekuja toka Shively, kwenye maegesho ya magari, peke yao, kama desturi inavyotaka. Nyanya alimsikiliza kutoka dirishani. Majani yalipoanza tena kuanguka nyanya aliondoka, usingizini, alfajiri, nami nilikuwa kazini nikimnywesha chai mama wa mtu mwingine.

Asubuhi nikikaanga mayai naimba. Juzi nilimsikia binti yangu bafuni, anaoga na kuimba, kwa Kiswahili alichokataa kuniongelesha miaka yote, sauti nzuri tu. Anauimba Wimbo wa Malango. Anaimba alto, na hata baada ya kuzisikia zote nne kanisani anadhani ndio wimbo wenyewe. Sijamwambia.